Jirani Aliye Chini ya Maji



Tangu siku ile ya maporomoko, waalimu na wazee wa sharika wamekuwa wakituuliza swali moja kwa maneno mengi. Wengine husema: Je, ilikuwa hukumu ya Mungu? Wengine husema: Kama si hukumu, basi kosa ni la nani? Tena wako vijana waliosoma, waliosikia ya kuwa dunia yazidi kupata joto na bahari pamoja nayo, nao huuliza kwa uchungu: Sisi tusio na viwanda, tuna nini na mambo haya? Tumeona vema kuyajibu maswali hayo pamoja, tena kwa njia ya kuzunguka kidogo, kwa maana tutaanzia chini ya bahari, mahali ambapo wengi wetu hatujapaona wala hatutapaona. Msomaji na atuvumilie. Toka huko mpaka Katesh si mbali kama mtu adhanivyo.

Kando ya pwani yetu, tangu Tanga hata Mtwara, na kuvizunguka visiwa vya Pemba, Unguja na Mafia, iko miamba chini ya maji ambayo watu wa pwani huiita matumbawe. Nyumba za kale za Kilwa na za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya namna hiyo, na chokaa yake ilitokana na mawe hayo hayo yaliyochomwa motoni. Mtu wa bara akiokota kipande chake ufukweni atasema, Hili ni jiwe, wala hatutamcheka. Lakini tumbawe ni zaidi ya jiwe. Ni nyumba iliyojengwa na wanyama wadogo, wengi wao hawapiti sana ukubwa wa punje ya mtama, wenye mwili laini na kinywa kilichozungukwa na vidole vya kukamatia chakula. Kila mmoja hujijengea kikombe cha chokaa na kukaa ndani yake. Wazao wake hujenga juu ya vikombe vya wazazi. Na hivyo, katika maelfu ya miaka, mwamba huinuka hata mawimbi makubwa yakavunjika juu yake kabla ya kufika pwani. Samaki huzaa humo na kujificha humo. Watu wa elimu wasema kwamba miamba hiyo haifuniki hata sehemu moja katika mia ya sakafu ya bahari, lakini kadiri ya robo ya aina zote za viumbe vya baharini hupata riziki kwake wakati fulani wa maisha yao.

Tena iko siri nyingine. Ndani ya nyama ya mnyama huyu hukaa vijimea vidogo mno, visivyoonekana pasipo hadubini. Vijimea hivyo hutwaa nuru ya jua na kupika chakula, kama jani la mhindi lifanyavyo shambani, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenyeji wao. Mwenyeji naye huvipa mahali pa kukaa, na taka za mwili wake huwa mbolea kwavyo. Mwiraqw wa Kainam, ambaye wazee wake walilaza ng'ombe ndani ya nyumba na kuchukua samadi kwenda kurutubisha mashamba ya mtelemko, ataelewa habari hii upesi kuliko mtu wa mjini. Hata rangi za matumbawe, kahawia na kijani na nyinginezo, nyingi zatokana na wageni hao wakaao ndani.

Basi, maagano haya yana mpaka, na mpaka wake ni joto. Matumbawe hupenda maji ya joto, lakini huishi karibu sana na kikomo cha joto awezalo kulistahimili mnyama yule. Maji yakizidi kwa digrii moja tu kuliko joto la kawaida la mwezi ulio wa joto kupita yote, tena yakakaa hivyo majuma manne hivi, vile vijimea huanza kumdhuru mwenyeji wao, naye huvitoa mwilini mwake. Hapo nyama hubaki haina rangi, na ile chokaa nyeupe huonekana kupitia ndani yake. Ndiko kuitwako kupauka. Mwamba wote huwa mweupe kama mifupa iliyoachwa juani.

Lakini tumbawe lililopauka halijafa. Jambo hili latupasa kulishika sana, maana watu wengi hulikosea. Tumbawe hilo lina njaa, lamaliza akiba. Maji yakipoa mapema, vijimea hurudi na rangi hurudi. Joto likiendelea, yapata majuma manane au zaidi, mengi hufa, mwani huota juu ya mifupa yake, na mawimbi huanza kuuvunja mwamba usio na mjenzi.

Mambo haya yametokea kwetu. Mwaka 1998, kati ya Machi na Mei, bahari ya pwani ya Afrika Mashariki ilipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe yakapauka tangu Kenya mpaka kusini kwetu. Huko Mafia, katika mwamba wa Tutia, sehemu kubwa ilikufa. Vivyo hivyo Misali, karibu na Pemba. Mahali pengine, kama kisiwa cha Chumbe karibu na Unguja, hasara ilikuwa ndogo zaidi. Katika dunia nzima ilihesabiwa kwamba kadiri ya sehemu 16 katika kila 100 za matumbawe zilipotea mwaka ule. Joto lilirudi mwaka 2010, likarudi mwaka 2016, na mwezi wa Aprili 2024 wachunguzi wa bahari walitangaza kwamba dunia yote imo katika kupauka kwa mara ya nne. Kufikia mwaka 2025 walihesabu kwamba miamba 84 katika kila 100 ilikuwa imeguswa na joto la kiasi cha kupausha. Daktari David Obura wa Mombasa pamoja na wenzake waliandika mwaka 2021 kwamba miamba ya upande huu wa Bahari ya Hindi imo hatarini kuanguka kabisa katika muda wa miaka 50.

Wala si kwamba matumbawe hungoja kufa kama kondoo. Yako yenye matawi, yakuayo upesi, nayo hufa kwanza. Yako ya mviringo kama kichuguu, yakuayo polepole, nayo mara nyingi huvumilia. Mengine, baada ya kupoteza vijimea vyake, hupokea vya aina nyingine vistahimilivyo joto, ingawa kwa hasara, kwa kuwa vijimea hivyo huwa na uchoyo kidogo, na ukuaji hupungua. Katika mfereji wa Pemba, ambao kina chake ni kikubwa sana, maji ya baridi ya chini huipoza miamba iliyo kandokando, nayo imedumu kuliko nyingine. Tena matumbawe hutoa mbegu za uzazi usiku, na watoto wake huelea na mkondo mpaka mahali palipokufa, wakajenga upya. Mwamba uliopigwa huhitaji miaka kumi au zaidi ili urudi. Shida ni kwamba siku hizi haupewi miaka kumi.

Na yako majeraha mengine yasiyotoka kwa joto. Kwa miaka mingi wako watu wa pwani yetu waliovua kwa baruti, ingawa sheria ilikataza tangu 1970, na baruti moja huvunja kwa kitambo kidogo kilichojengwa kwa miaka mia. Mwamba uliovunjwa hivyo, ukipata joto, hauna nguvu za kupona. Serikali ilipoweka hifadhi ya bahari Mafia mwaka 1995, na Chumbe ilipofungwa kwa uvuvi mwaka uliotangulia, haikuwa kwa sababu hifadhi huzuia joto. Joto halisomi bango. Ni kwa sababu mgonjwa aliyekula vizuri huponyeka kwa urahisi kuliko mgonjwa aliyepigwa.

Sasa twende Hanang. Mito ya Mbulu haifiki baharini. Maji yetu huishia Manyara na Eyasi, na ya Hanang mengi huishia Balangida. Yote ni maziwa yasiyo na mlango wa kutokea. Kwa hiyo hatuwezi hata kulaumiwa kwa kuichafua bahari kwa tope letu. Lakini maji ya bahari huja kwetu. Huja kama mvuke, huja kama wingu, huja kama vuli na masika. Upande huu wa Bahari ya Hindi ukipata joto kupita upande wa mashariki ulio karibu na Indonesia, mvua za vuli kwetu huzidi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, ambao wazee waukumbuka kwa mafuriko yake, na mwaka 1997 kuingia 1998, wakati wa Elnino, ndivyo tena 2019. Upande huu ukipoa, twapata ukame, kama ule wa 2021 na 2022 ulioua ng'ombe wa wafugaji hata wakalala kwa makundi kando ya njia. Yaani yale maji yaliyoyaua matumbawe ya Tutia, na mvua iliyoleta homa ya Bonde la Ufa kwa mifugo ya kaskazini, ni jamaa moja. Mvuvi wa Mafia na mfugaji wa Kibarbaig hawajuani, lakini kwa mwaka mmoja walipigwa kwa fimbo moja.

Mwaka 2023 bahari ilipata joto tena, Elnino ikiwa imerudi, na vuli ikawa kubwa katika nchi zote za Afrika Mashariki. Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba, Jumapili ya kwanza ya Majilio, sehemu ya mlima Hanang ikameguka. Tope, mawe na magogo yakashuka juu ya Gendabi, Jorodom na mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa, na maelfu walikosa makao. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba haukuwa mlipuko wa volkano. Palikuwa na miamba dhaifu juu ya mlima, nayo ilinyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia. Hatutasema kwamba bahari peke yake iliwaua watu wale. Mlima ulikuwa na udhaifu wake, na nyumba zilikuwa mahali zilipokuwa. Lakini mvua ile haikutoka mbinguni bila kupita mahali.

Twarudi kwa swali la kwanza. Je, ilikuwa hukumu? Tumewasikia wahubiri wa barabarani waliosema ndiyo, nao wakataja dhambi za Katesh, kana kwamba Babati na Arusha hakuna pombe. Bwana wetu mwenyewe aliwataja watu walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu, naye alikana. Aliulizwa juu ya yule aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, naye akakana tena. Mara mbili lapasa kutosha. Walikufa alfajiri ya Jumapili, na watoto walikuwamo. Mwalimu asimame kaburini na kusema kwamba Mungu aliwachagua hao kwa hasira? La, hasha! Mtu asemaye hivyo ampa Mungu sura ya mnyapara.

Lakini wako wanaokimbilia upande wa pili, na hapo nasi hatuwafuati. Wasema: Hakuna mkosaji, ni mambo ya asili, tumwachie Mungu. Hili lilikuwa neno la haki kwa babu zetu. Leo si neno la haki tena, kwa sababu sehemu ya jambo hili ina mikono. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni za hewa zilikuwamo sehemu 280 hivi za hewa ya ukaa; leo zimepita 420. Hewa hiyo imetokana zaidi na makaa ya mawe na mafuta yaliyochomwa, kisha na misitu iliyokatwa. Huyashika makali ya jua kama blanketi, na katika joto lililozidi, zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 zimeingia baharini. Kwa hiyo joto linaloyapausha matumbawe lina historia, na historia hiyo ina nchi, na miji, na makampuni, na faida iliyoliwa. Mtu akisema ni asili tu, amewafutia deni watu ambao si yeye anayewadai.

Hapo vijana hutushika. Husema: Vema, basi deni ni lao. Nchi yetu, katika hewa chafu yote ya dunia, sehemu yake haifiki moja katika mia. Waliokosa walipe, nasi tuachwe tulime.

Twaona nusu ya neno hili ni kweli, tena ni kweli inayopaswa kusemwa kwa sauti kubwa. Zakayo alipookoka hakusema tu kwamba anasikitika. Aliahidi kurudisha mara nne. Toba isiyogusa mfuko ni nusu ya toba. Tarehe 30 Novemba 2023, katika mkutano mkuu wa Dubai, mataifa yalikubaliana kuanzisha kazi ya mfuko wa kuzisaidia nchi maskini zilizopata hasara kwa sababu ya mabadiliko haya. Siku tatu baadaye Hanang ikameguka, na Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa huko Dubai, akaikatiza safari yake na kurudi. Kanisa litendalo haki halitaomba fedha za namna hiyo kama sadaka. Malipo ya deni hayaitwi ukarimu, na anayelipa deni hapigiwi vigelegele. Wajumbe wetu wakisimama katika mikutano ya makanisa ya ulimwengu, waseme hivyo bila kuona haya.

Nusu ya pili ndiyo isiyosimama. Kijana asema: Sina hatia, kwa hiyo sina wajibu. Haya ni mambo mawili, na kuyachanganya ndiko kunakoharibu mafundisho mengi. Msamaria hakumpiga yule mtu wa njia ya Yeriko. Hakuwa mwenzi wa wanyang'anyi, wala hakula sehemu ya fedha zilizoporwa. Kama wajibu ungetoka katika hatia tu, angepita kwa dhamiri safi kabisa, safi kuliko ya kuhani na Mlawi. Wala Bwana, akisimulia, hakuanza kwa kuuliza ni nani aliyempiga. Swali la aliyempiga ni la hakimu, nalo ni swali jema, lakini mtu aliyelala njiani hawezi kungoja hukumu itoke. Katekisimo ya Luther, ambayo kila mwana wa kipaimara kwetu huishika kwa moyo, yatufundisha kwamba amri ya tano haiishi katika kutoua. Huvunjwa pia na mtu awezaye kumsaidia jirani katika mahitaji ya mwili wake asimsaidie.

Atakuja mwingine, mwenye hesabu, atasema: Lakini mimi naweza nini? Nikizima jiko langu la mkaa, bahari haitapoa. Ni kweli haitapoa. Hatutawadanganya wakristo kwamba miche mia iliyopandwa kando ya kanisa itayaokoa matumbawe ya Mafia. Tumesikia hotuba za namna hiyo katika sikukuu za kupanda miti, na miche yenyewe ikaliwa na mbuzi kabla ya Krismasi. Lakini neno hilo la udogo wa fungu lichunguzwe, maana lina mtego. Kama udogo wa fungu humwachilia mtu, basi hakuna mtu duniani asiyeachiliwa. Hata tajiri wa mji mkubwa wa Ulaya, mwenye magari matatu, akilihesabu fungu lake mwenyewe katika hari ya bahari yote, ataliona si kitu. Kila mmoja ana fungu lisilo kitu, na bahari imepata moto. Sisi husema haba na haba hujaza kibaba, tukiisifu akiba. Methali hiyo haikuulizwa kama kilichojaa kibaba ni mtama au sumu.

Na tufanye nini basi? Hapa twasema kwa kiasi, maana sisi si wataalamu. Msitu wa Nou na msitu wa Marang ukisimama, hauipozi bahari kwa kiasi cha kupimika, lakini huishika mitelemko na huziweka chemchemi hai. Kama vile mwamba usiovunjwa kwa baruti huponyeka upesi baada ya joto, vivyo hivyo mlima usiochunwa hupokea mvua kubwa kwa madhara machache. Hanang yenyewe ilimeguka juu, penye miamba, wala hatudai kwamba miti ingeizuia. Twasema juu ya makorongo mengine, ambayo kila mwenyeji wa Dongobesh au Kainam ayajua kwa majina yake. Wazee wa Kiiraqw walizilinda chemchemi kwa sababu walimwogopa neetlaangw, roho aliyedhaniwa kukaa majini. Injili iliwafungua watu katika hofu ile, nasi twashukuru. Lakini wako waliosikia nusu ya Injili. Waliacha hofu, wakachukua shoka. Yatupasa kuwafundisha nusu iliyobaki: kwamba mti wa chemchemi uliokuwa wa neetlaangw haukuwa wa mtu yeyote mwenye shoka, bali ni wa Mungu, naye hakumpa mtu ruhusa ya kuukausha mji wa jirani aliye chini ya mtelemko. Wajibu huo hauwi mdogo kwa kuwa joto lenyewe lilianzia mbali.

Limebaki swali ambalo mwalimu mmoja wa Shule ya Jumapili alituandikia, nasi twalipenda kuliko mengine. Auliza: Tuseme hakuna mvuvi hata mmoja anayeyategemea matumbawe, na mvua haibadiliki kwa sababu yake, je, kufa kwake kungekuwa neno mbele za Mungu?

Wengi watajibu upesi kwamba vitu vyote viliumbwa kwa ajili ya mwanadamu. Twawasihi wasome tena. Katika Ayubu, Mungu anapojibu, hamwonyeshi mtu mashamba yake. Amwonyesha mvua inyeshayo nyikani asipokaa mtu, na wanyama wasiofugika, na lile dubwana la majini lisiloshikwa kwa ndoana. Mwenye Zaburi ya 104 aliiona bahari imejaa vitu visivyohesabika, na mnyama mkubwa aliyeumbwa acheze humo. Kucheza, wala si kuvuliwa. Na Yona, alipoukasirikia mji wa Ninawi kwa sababu ulisamehewa, alijibiwa kwa kutajiwa watu wasiojua kupambanua mkono na mkono, kisha, mwisho kabisa wa kitabu, akatajiwa ng'ombe. Mfugaji wa Hanang hulipenda sana neno hilo la mwisho. Mungu aliwahesabu ng'ombe wa adui. Tena fungu la kwanza la Imani, kama tulivyofundishwa kulieleza, lasema Mungu ameniumba mimi pamoja na viumbe vyote. Ni pamoja. Mimi na tumbawe tumo katika sentensi moja, ingawa mimi peke yangu ndiye niwezaye kuisoma, na kwa hiyo mimi peke yangu ndiye niwezaye kuulizwa.

Basi twamjibu mwalimu yule: ndiyo, lingekuwa neno. Haliwi sawa na kufa kwa mtoto wa Katesh, wala mtu asitusingizie kwamba twasema hivyo. Wako watu wa mbali wanaolia kwa ajili ya matumbawe na hawajui jina la wilaya yetu hata moja, nao twawastaajabia. Lakini kitu kinaweza kuwa kidogo kuliko mtoto na bado kisiwe bure. Wanyama wale walijenga miaka elfu nyingi kabla ya mtu wa kuwatazama, na Mungu aliwaona.

Tena, kwa kweli, lile sharti la mwalimu halipo. Wavuvi wapo. Wapo wanawake wa Paje na Jambiani huko Unguja, wanaolima mwani katika maji ya ufuko, nao kwa miaka mingi sasa wameona mwani wenye bei nzuri ukiugua na kufa kwa ajili ya joto, hata wengine wakalazimika kuufuata kwenye maji ya kina, na wengi wao hawajui kuogelea. Wapo watu wa Mafia ambao mwamba ukifa, samaki wa mwamba huondoka, na mtumbwi hurudi mtupu. Wengi wa hao ni Waislamu. Twalitaja jambo hili kwa sababu mzee mmoja alituuliza kama yafaa kuwaombea katika ibadi yetu watu wasiosali pamoja nasi. Twamkumbusha kwamba yule wa njia ya Yeriko na yule aliyemwokota hawakusali mlima mmoja.

Katika maombi ya usharika, hapa kwetu, twawataja wakulima kila Jumapili, na wafugaji, na wagonjwa wa Haydom, na watu wa Katesh waliofiwa, na wale waliohamia nyumba mpya za Waret. Wavuvi wa bahari hatujawataja, kwa kuwa hatuna hata mmoja. Twawaomba wazee wa sharika kwamba kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio watajwe, na bahari yenyewe itajwe pamoja nao, na mwenye kuongoza maombi asione haya kulitamka neno matumbawe, hata kama itambidi kwanza kuwaeleza watu ni kitu gani.